Kuni za Beji ya Mpishi

Katuba, Lubumbashi, 5 Februari 2024

Baba mudogo Paulin,

Jambo sana. Sisi tuko wazima, ila mama bado anaugulia mguu. Ninyi huko Kasenga mumeamkaje? Simu zangu unazikata, basi naandika na kumpa Kakule wa gari la samaki.

Jumamosi ulikuja, wewe kamishna, kuwapima skauti wangu beji ya mpishi. Jemima alikupikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Ulikula, ukaomba tena, kisha ukaandika kwamba ameshindwa, kwa sababu alipika kwa makala kwenye mbabula, jiko la mkaa la nyumbani, si kwa kuni alizokusanya mwenyewe. Rodrigue na wengine walioleta kuni wamepita, na bukari yao ilikuwa mbichi.

Kitabu chetu kinasema mtoto awapikie wenzake kwenye moto, basi. Kuni umeziongeza wewe. Bila beji hiyo Jemima hawezi kuwa kiongozi wa kikundi, na hakuna anayestahili kumpita. Pori la karibu limekwisha. Alipokwenda kutafuta kuni, walinzi wa shamba walimfukuza na mbwa. Unataka aende tena?

Binti yako,
Syntiche

Kasenga, 14 Februari 2024

Mwanangu Syntiche,

Salamu zimefika, asante. Malaria ilinishika, sasa imeniachia. Mpe mama yako pole.

Tangu lini mtoto anamfundisha baba kazi? Mimi nilikusanya kuni Lukafu kwenye mvua kabla hujazaliwa, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya mutu. Skauti wa mbabula akipotea porini atakula nini? Nikimlegezea mmoja, wengine nitawaambia nini?

Lakini sina roho mbaya. Anunue fungu la kuni sokoni, apike, aseme amekusanya. Sitauliza. Naona hapo nimekusaidia.

Baba yako mudogo,
Paulin

Katuba, 22 Februari 2024

Baba mudogo,

Afadhali malaria imekuachia, usiache kunywa dawa. Mama anatembea kidogo.

Nilimpelekea Jemima maneno yako. Alinitazama, akaniambia mimi kiongozi wake kwamba hatasema uongo: "Chef, mi siwezi sema bongo juu ya kushona kitu ku shati. Ile beji itakuwa ya ule mama mwenye anauzisha kuni."

Nilicheka, halafu nikakukasirikia sana. Adolphine, mama yake, amesema hivyo hivyo, na kwamba binti yake hatakanyaga porini peke yake kwa ajili ya beji ya mtu yeyote. Simpimi tena. Mtoto alipika, ukashiba. Badilisha sharti lako.

Binti yako,
Syntiche

Kasenga, 1 Machi 2024

Syntiche,

Natumaini muko wazima. Beji za waliopita ziko kwa Kakule, wape Jumapili baada ya misa. Ya Jemima haimo. Ukinipinga tena, nitaweka mwingine kwenye nafasi yako.

Baba yako mudogo,
Paulin

Katuba, 4 Machi 2024

Baba mudogo,

Jambo. Mama amepona, anakusalimu, na ameniagiza niandike bila kukutukana.

Jana niliwasimamisha watoto mbele ya wazazi, nikasema aliyekusanya kuni kwa mikono yake aje achukue beji. Hakuna aliyesogea. Nilidhani hawakunisikia. Mwishowe Rodrigue akasema, "Yangu mama alinunua ku soko." Wengine wakafuata, hata mtoto wa katekista. Wazazi walitazama chini, maana wao ndio walionunua. Katika wote uliowapima, mmoja tu hakukudanganya, na ndiye uliyemnyima.

Kakule anakurudishia beji zote. Watoto wenyewe wamekataa kuzivaa. Futa hilo sharti la kuni, kisha beji uzilete pamoja na ya Jemima, tutakupokea vizuri. Usipofuta, kaa nazo.

Nafasi yangu mpe unayemtaka. Watoto wamekwisha kumchagua Jemima kuwa kiongozi wa kikundi, na Jumamosi tunakutana uani kwetu, yeye akiwa mbele.

Nakupenda, na sikuombi msamaha.

Binti yako,
Syntiche