Swali la tisa

Jumanne, 4 Machi 2025

Papa Zihindula, fundi cherehani, kikao cha nne cha ushauri nasaha. Ameingia kliniki amenyoa ndevu! Wiki ya kwanza hata jina lake alilitaja kwa shida. Kazi niliyompa ni ndogo: jambo moja kila siku, hata kufagia tu. Yeye amemaliza nguo zote za wateja, akawarudishia mpaka vitambaa vilivyobaki. Alama za huzuni zimeshuka, kutoka kumi na tisa hadi sita. Nimejisifu njia nzima.

Ila swali la tisa, la mwisho kwenye fomu, nimeandika sifuri bila kuuliza. Mara ya nne sasa. Nimuulize mzee wa rika la baba yangu, wa Bukavu kama mimi, kama anaona afadhali afe? Kwetu kumtajia mkubwa kifo chake ni kukiita. Mdomo unakataa.

Ijumaa, 7 Machi

Lilongwe, ofisini, mtaa wa Area 47. Madam Tadala, msimamizi wetu, amewasomea wenzangu fomu ya papa kama mfano. Makofi. Kisha akaniuliza alijibu nini kwenye swali la tisa. Nikasema alicheka tu, akakataa. Uongo ulinitoka bila hata kukwama.

Akaongeza kwamba mtu akipata nafuu ghafla ndipo umuulize zaidi. Pengine ameshaamua.

Nimerudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kwa minibasi. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Sokoni. Fidès, Mrundi, jirani yake papa, anapakia cherehani kwenye kabaza, baiskeli ya abiria. Naijua ile cherehani — gurudumu limefungwa kamba nyekundu. Amepewa bure, anasema, kaambiwa aitunze vizuri. Na mzee? Yuko nyumbani, anafagia.

Anafagia! Kazi yangu mimi!

Nilichukua kabaza nyingine, namhimiza mwendeshaji kama kichaa. Papa alikuwa kizingitini, shati limepigwa pasi, nyumba tupu nyuma yake. Sikumsalimia hata. Nikamuuliza, "Papa, unataka kufa?" Nikangoja anifukuze.

Alinitazama sana. "Mutoto yangu, mi naonaka ile karatasi. Iko na maswali tisa. We ukifika kwa ya munane, njo unaifungaka. Nilikuwa nangoja uniulize."

Nililia mbele ya mgonjwa. Hatukufundishwa hivyo.

Nimempigia Madam, nimemwambia ukweli wote, hata uongo wa jana. Hakunigombeza. Anatoka Lilongwe sasa hivi, nisimwache mzee hata dakika moja. Sasa tumekaa, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka na daftari hili. Kwa barabara ile ni saa nzima. Nimeuliza kama amekula. Hajala tangu jana.

Ameomba fomu. Anasoma swali la tisa polepole, kidole juu ya mstari. Majibu ni sifuri, hapana kabisa, mpaka tatu, karibu kila siku. Anasema safari hii atajaza mwenyewe, nimpe kalamu. Naogopa namba atakayoandika. Kalamu ninayo hii moja tu —