Damu Iliyorudi

Jumatano, 10 Julai 2013

Ramadhani imeingia. Nimewapikia chai wazungu wa gesi pale nyumba ya wageni, huku nameza mate mpaka yamekauka. Wanakula mayai manne-manne, na kifua hakiwabani! Tangu gesi ionekane hapa Msumbiji, Palma kila mtu ana shemeji aliyepata kazi. Mume wangu Cassamo naye analinda geti huko Afungi, kwenye kambi ya gesi, nyumbani anakuja kama mgeni.

Nazira amevunja ungo. Mtoto wangu! Mama amemchukua chumbani, kafunga mlango. Mimi mzazi nimebaki nje — ndiyo desturi, mambo haya humwambii mwanao mwenyewe, huambiwa na bibi yake au kungwi. Na huyu bibi ndiye kungwi! Nusu ya wanawake wa mtaa huu wamefundwa na mama. Bi Saquina huyu akipita sokoni, wanawake wazima wenye wajukuu wanashusha sauti. Nimesikia bibi na mjukuu wanacheka humo ndani, nikaona wivu. Nasema kweli.

Alhamisi, 18 Julai

Nimerudi mapema, presha imenipanda, kichwa kinagonga. Naingia jikoni mchana kweupe — mama na Nazira wamekaa mkekani wanakula mihogo na samaki! Nazira nilijua, yuko mwezini. Lakini mama? Mtu ambaye hata malaria haijapata kumvunjia saumu!

Nazira kasema, bibi naye yuko kama mimi.

Mama akafuta mdomo, akaringa kidogo. Damu imerudi, kasema, tangu kabla mwezi haujaandama. Inatoka kidogo kidogo, haijakatika. Na ilikwisha koma miaka sita! Anasema Mungu akitaka kukurudishia ujana hakuulizi umri.

Tumecheka mpaka machozi. Nikamwambia basi tumtafutie mume wa gesi, mwenye kofia ngumu. Akasema sawa, ila asiwe mfupi. Kumbe ndiyo sababu simwoni kwenye mswala! Nilidhani anaswali chumbani. Hamsini na saba na bado anachanua. Mimi thelathini na nane nimechakaa kama fagio la uani.

Jumatatu, 22 Julai

Hospitali, kupima presha. Zamu ilikuwa ya Dona Esperança, nesi wa upande wa wanawake, mtu wa Nampula. Kiswahili chake kinachechemea lakini anakisukuma tu. Nampenda, mcheshi. Kanigombeza kwa ajili ya chumvi, kanipa vidonge. Nami nikampa kichekesho cha mama, tucheke.

Hakucheka. Akaweka kalamu chini. Ilikoma lini? Inatoka vipi? Ina harufu? Anaumwa kiuno? Najibu, na mdomo unakauka, wala si kwa saumu. Mwisho kasema damu ikishakoma kwa umri, halafu ikarudi, huo si ujana. Huenda ni kitu kidogo. Huenda ni kansa ya mlango wa kizazi. Hatujui mpaka tutazame. Mlete kesho.

Kansa. Nimelitamka njiani peke yangu ili nilizoee. Sijalizoea.

Jumanne, 23 Julai

Amekataa! Mwanamke mwenye hedhi hapanuliwi, kasema. Yeye amezalisha, amefunda, ameosha maiti. Watu wote wamejifunua mbele yake. Yeye hajajifunua mbele ya mtu ila marehemu baba, na taa imezimwa. Nikasema, mama, nesi ni mwanamke mwenzio. Akasema ni mtoto yule, ningeweza kumfunda.

Nikapandisha sauti. Kanitazama tu — nikanywea. Hasira zangu hazijawahi kulishinda lile jicho.

Alhamisi, 25 Julai

Nimemwendea Bi Siwema, anayetusomesha dini sisi wanawake. Kwao Mtwara, kavuka mpaka kaolewa hapa. Kaja mwenyewe alasiri. Kamuuliza mama polepole, imeanza lini, imepumzika lini. Mama kajibu kwa heshima. Kisha Bi Siwema akasema damu isiyokatika mpaka ikapita siku kumi na tano si hedhi. Ni damu ya ugonjwa. Haizuii swala, haizuii saumu.

Mama akahesabu siku kwa vidole. Halafu akapiga ukelele: "Swala zangu!"

Hakuuliza ugonjwa gani. Neno kansa nilimtajia juzi, hata kope hakupepesa, lakini swala zilizompita zimemwinua pale mkekani kama kijana. Kajisafisha, kajifunga kitambaa, katawadha, kaanza kulipa. Adhuhuri juu ya adhuhuri. Tumefuturu, kala tende moja tu na maji, karudi mswalani. Nimesimama mlangoni nautazama ule mgongo unainama, unainuka. Nikalia. Mwanamke gani huyu!

Ijumaa, 26 Julai

Makubwa! Sasa kwa kuwa si hedhi, anafunga. Na kwa kuwa anafunga, hachunguzwi — chombo kikiingia mwilini saumu imevunjika. Mpaka Idi ipite. Nimeruka mkojo nikakanyaga mavi!

Mbio tena kwa Bi Siwema. Kasema mgonjwa ana ruhusa, siku hiyo afungue, atailipa baadaye. Nimemfikishia mama. Kasema atafikiri. Simsukumi. Nimeng'ata ulimi mpaka unauma.

Jumatatu, 29 Julai

Asubuhi nimetoka uani — mama kakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, jua limeshapanda, anakunywa chai. Hadharani! Jirani kasimama na ndoo yake, mdomo wazi. Mama kasema, "Naenda hospitali, nimefungua. Kuna mwenye swali?" Jirani akainua ndoo yake, akaingia ndani.

Pale hospitali ndiye aliyetoa amri. Pazia livutwe vizuri. Wewe binti mama yako nani? Umezaa wangapi? Dona Esperança anajibu yote kama mwali! Kisha mama akapanda kitandani, akasema bismillahi, akafumba macho. Akanishika mkono. Akaukaza mpaka vidole vikaniuma. Bi Saquina kutafuta mkono wa mtu!

Nesi akapaka siki. Mama macho yamefumbwa vilevile, kauliza, siki ya nini, unanitengeneza achari? Dona Esperança akacheka mpaka ikabidi angoje kidogo. Akaeleza kwamba mahali pabaya pakipakwa hubadilika rangi, pakawa peupe. Akatazama tena. Kicheko kikaisha. Kuna kidonda. Ni lazima Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, wakakate kipande wakakipime.

Mama akavaa taratibu. Kasema, nimefunda wasichana miaka thelathini. Damu inayoanza nimewaeleza. Ya uzazi nimewaeleza, na inayokoma nimewaeleza. Hii inayorudi, mimi sikuambiwa na mtu.

Hakusema kwa aibu. Alisema kama mtu aliyeibiwa.

Ijumaa, 2 Agosti

Pemba. Wamekata kipande. Mama kauma upindo wa kanga, hakutoa sauti. Jibu mwisho wa mwezi. Barabara ya kurudi imetuvunja mifupa, na njia nzima kaniambia nisimwonee huruma usoni, nimwonee moyoni.

Alhamisi, 8 Agosti

Idi! Uani kumejaa wanawake, vibibi na vigori, hina mikononi, unga mweupe wa mti wa msiro usoni. Biskuti, kalimati, vicheko. Mama kavaa kitenge kipya. Ngoma ilipokolea kanyoosha kiganja — ngoma ikakatika.

Kawaambia yote. Damu imemrudia, kajiona kijana, kaacha swala, kala mihogo ya Ramadhani akiringa! Wakaanza kucheka. Kisha kawaambia kidonda. Kasema, nilichowafunda kilipungua kipande, leo nakimalizia. Aliyekoma damu ikamrudia asijione mwali, aende hospitali. Anayetokwa damu baada ya mume kumkaribia, aende. Hata asiyeumwa aende akatazamwe.

Mmoja kaguna kwamba mambo haya hayasemwi mbele ya vigori. Mama akamjibu, "Kaburini ndiko yatasemwa?"

Nilitaka ardhi inimeze, na nilitaka kupiga vigelegele. Vyote viwili. Nikapiga vigelegele.

Wageni walipoondoka ameniuliza, sanda ya baba tuliipata duka gani. Nimemwambia sikumbuki. Nakumbuka.

Jumatano, 14 Agosti

Dona Esperança kaniuliza, mama yako amefanya nini? Benchi lake limejaa tangu Jumatatu. Wanafika, hawasemi wanaumwa nini, wanasema tu, ametutuma Bi Saquina. Nami nimetazamwa. Salama. Presha tu — chumvi!

Jumatatu, 26 Agosti

Pemba tena, naandika hapa kwenye benchi. Tumekuja kuchukua jibu. Mimi nimehesabu vigae vya sakafu mara tatu. Mama katulia. Nimemwambia tusome dua, kasema keshasoma, nisome yangu.

Pembeni yake kuna mama mmoja wa bara, mtu mzima kidogo, kanga kaivuta mpaka machoni. Kaja kwa ajili ya mgongo, anasema. Mgongo tu. Mama kamtazama kwa lile jicho. Kamuuliza kwa Kiswahili, hakufahamu. Kamuuliza kwa Kimakua chake kibovu, kwa vidole na kwa kujishika kiuno. Yule mama kainama. Kisha kamsogelea sikioni, ananong'ona, na machozi yanamdondoka kwenye kanga. Neno la Kimakua la damu nalijua; nimelisikia. Mama kamshika mkono, kautia kwapani mwake.

Mlango umefunguka. Daktari mwenyewe, si nesi. Ameita jina la mama, jina zima na la babu. Simsomi uso. Nimesimama.

Mama hajasimama. Kamnyooshea daktari kiganja. Angoje, kasema, sijamaliza na huyu.

Daktari ameita tena.