Mawe Niliyoyang'oa Marui

Jumapili jioni. Manyunyu yamekatika, hapa Mkuza kumetulia, nami nimejifungia chumbani. Sitaki mtu aniulize safari ilikuwaje.

Leo nilikwenda Marui na wenzangu kujitolea. Rafiki yangu Hamisi ameoa huko, na mvua zimebomoa ukuta wa mawe unaozuia udongo usifunike njia ya kisimani. Ukuta hauna saruji. Mawe hupangwa tu, jiwe likalie jiwe mpaka yakazane.

Nilitaka kusifiwa. Acha niandike hivyohivyo.

Mawe bapa yalipotuishia, niliingia kichakani. Nikayaona mawili mazuri, yamesimama yakitazamana. Nikayang'oa, kisha nikazungukazunguka palepale nikitafuta mengine.

"Oya, umetisha!" Hamisi akasema. Nikayapanga mwenyewe, chini kabisa ya ukuta.

Mchana akaja Mama Mwajuma, jirani wa wakwe zake Hamisi, na jembe mkononi. Tukamwamkia, akaitikia, akapita kuelekea kichakani. Baadaye nikamwona anainama, anapapasa majani, anasogea, anaanza upya.

"Mama, umepoteza nini?" Hamisi akamwuliza.

"Kaburi la mwanangu, baba. Nilisimamisha mawe, kichwani na miguuni. Labda uzee huu. Labda si hapa."

Nilijua papo hapo. Nikainama, nikaendelea kupanga mawe.

Nilimwacha atilie shaka akili zake mwenyewe. Nilimsikia akijisemea ni hapa, mara hapana, si hapa, na mimi uso unaniwaka, mdomo nimeufunga. Niliogopa tu wenzangu watanionaje.

Alipoanza kulia ndipo nikamwendea.

"Nisamehe, mama. Mawe nimeyachukua mimi. Sikujua ni kaburi."

Hakunitukana. Alikuja mpaka ukutani, akayatambua, akaweka kiganja juu ya moja.

"Ukiyatoa, ukuta utaanguka?"

"Utaanguka, mama."

"Basi uanguke."

Tukaubomoa. Kazi yote ya asubuhi ikalala njiani, na kina mama waliokuwa wanatoka kisimani wakalazimika kuikwepa na ndoo zao kichwani. Hamisi akanipa mgongo, akaanza kuyasogeza mawe kando.

Nikayabeba mawe hadi kichakani. Mama Mwajuma akasimama kando, akaniambia, "Yarudishe ulikoyatoa."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimepavuruga vibaya kwa miguu yangu. Kila mahali palifanana: majani yaliyolala, udongo uliotifuka. Nikachagua sehemu, nikayasimamisha.

"Ndipo?"

"Ndipo, mama."

Akachuchumaa, akainua mikono, akaomba dua ndefu. Kisha akanishukuru. Alinishukuru!

Sina hakika kama ndipo.

Kesho narudi Marui, maana ukuta ni lazima usimame tena. Nikimkuta amechuchumaa pale, anazungumza na mwanawe, nitamwambia? Au nitainamia mawe tena?