Rupia za Kina Musyoka Kwenye Mizani ya Sukari

Jumamosi, Makongeni. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazikauki, na hasira ya Jumapili haijanitoka.

Wajuaji wa ukoo wetu ni wengi, lakini Baba Mdogo amewapita wote. Tangu baba afariki, huyu mdogo wake hutoka Muthurwa kila Jumapili baada ya kanisa kuja kutuamulia mambo, tumbo likitangulia. Jumapili iliyopita aliamua ndoa yangu.

Musyoka, mchumba wangu, alikuja na mama yake. Kwao, mama wa msichana hupewa rupia za fedha alizoacha nyanya wa mvulana, zile za wakati wa kujenga reli. Ni heshima tu, dukani hazinunui hata kiberiti. Mama Musyoka alizipanga mezani kwa mikono miwili, tano. Mama alikuwa ameanza kushukuru.

"Ngojeni kwanza," akasema Baba Mdogo.

Ati azipime!

Sisi pia tuna rupia tano, za babu, fahari ya nyumba hii. Akaagiza mizani ya sukari kwa jirani mwenye duka. Akazilaza zao juu ya zetu: upana sawa kabisa. Akaweka zetu huku, zao kule. Zao zikashuka.

"Mnaona? Zina risasi ndani, ile madini nzito. Hawa wachonga vinyago, sasa wanachonga hata pesa!"

Akacheka peke yake. Baba yake Musyoka ni mchonga vinyago, na mama yake alikuwa pale pale, kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini, akajifunga kitambaa, akatoka. Musyoka akamfuata. Rupia wakaziacha mezani. Hakuna aliyewasindikiza hata mlangoni.

Mtu mzima, miaka yote hiyo ofisini akigonga mihuri, na hakujiuliza swali moja: je, kama zetu ndizo pungufu?

Leo nimezifunga zote, zao kwenye leso moja na zetu kwenye nyingine, nikaenda Ngara kwa sonara. Mzee wa watu hakuwa na maneno mengi. Rupia halisi, alisema, ina uzito wa tola moja, kipimo cha masonara. Akaweka jiwe la tola upande mmoja wa mizani yake ndogo, na rupia ya kina Musyoka upande wa pili. Mizani ikatulia sawasawa. Zote tano hivyo hivyo. Akaweka yetu. Ikapaa juu kama kifuniko cha soda.

"Aliyetengeneza hii upana aliupata, uzito ukamshinda," alisema. "Ni shaba, imepakwa fedha."

Na nyingine nne, vivyo hivyo. Fahari ya ukoo!

Nimerudi nimemkuta Baba Mdogo ameketi, maana alisikia mama atachinja kuku. Nikawaeleza wote wawili. Mama ameshika tama. Baba Mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema: "Basi, waambie waje tena. Tutawasamehe."

Tutawasamehe!

Nimechoka naye kabisa. Kesho akija asinitafute nimpakulie. Nitakuwa Umoja, kwa kina Musyoka, na rupia zao mkononi, nimepiga magoti mbele ya Mama Musyoka. Akinifukuza, ana haki. Akiniuliza nimetumwa na nani, nitamwambia kweli: kwetu hakuna mtu mzima wa kunituma.