Mkono Ulioshika Tawi la Kahawa

Fundi,

Usishangae mistari kunyooka. Naandika kwa ile kalamu yako uliyokuwa ukiificha nyuma ya makopo ya rangi ukidhani sijui. Nilijua tangu wiki ya kwanza.

Kwanza habari. Kibanda bado kipo. Foleni ya malori siku hizi inafika mpaka mlangoni kwetu, na madereva wa Zambia wanaingia kuulizia stika. Brashi zako zote nimeziosha, isipokuwa ile ndogo ya kuandikia namba za magari. Hiyo wameila panya, usinilaumu. Mama Neema alirudi Hasamba kulima. Siku ya arobaini yako aliniita pembeni akaniambia, "Jofu mwanangu, kuna mtu wa kubadilisha kwacha anakitaka kibanda cha mume wangu. Nakuachia msimu huu wa kahawa tu. Nikisikia jina lake limechafuka, nafunga."

Sasa kaa vizuri, maana nililichafua kabla hata miezi miwili haijaisha.

Walikuja akina mama wa kikundi cha kahawa cha Ihanda. Walitaka bango la uzinduzi wa mashine yao ya kumenyea kahawa, lenye picha ya mtu anachuma. Mwenyekiti wao ni Mama Atupele, yule aliyekurudisha mara tatu kwa herufi moja ya ubao wa duka lake. Kuchora mtu? Unanijua. Herufi naziweza kuliko wewe, lakini watu wangu wanatoka kama viazi. Ila siku hizi kuna intaneti, Fundi. Nikaenda kwenye stesheneri ya Rehema, nikatafuta kahawa, nikapata dada mmoja mzuri anacheka, tawi mkononi. Nikamweka kwenye flashi, nikamtuma Mbeya kwenye mashine ya kuchapa, akarudi mkubwa kama ukuta, anang'aa. Njia nzima mpaka Ihanda nilikuwa najisifu. Kwa kidato changu cha pili hiki, nani mwingine Tunduma angeweza?

Wakalikunjua mbele ya watu. Mama Atupele akavaa miwani, akasogea.

"Huyu anachuma kahawa na kucha ndefu namna hii?"

Wenzake wakaanza kuchekea kwenye vitenge.

"Na haya maandishi usoni, ndiyo jina lake?"

Ni kweli, kulikuwa na maandishi meupe, hafifu, yamepita shavuni mpaka kwenye tawi, yakajirudia mara nne. Niliyaona tangu mwanzo. Nilidhani ni urembo. Bibi mmoja wa nyuma akasema, "Labda ni ukoo mzima." Hata mgeni rasmi alicheka. Bango likakunjwa. Halafu Mama Atupele akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma, "Fundi angeona aibu. Baada ya wiki tatu tuna mkutano wa wanachama. Lete lingine, la sivyo nitamwambia mwenyewe Mama Neema kwamba kazi ya mumewe imekufa naye."

Nikaenda kumgombeza Rehema. Akanigombeza yeye. "Uliniuliza? Hayo maandishi ni mwenye picha anasema usichukue mpaka tuelewane. Umeiba baiskeli ya mtu, kaka, tena unaiendesha mjini na jina lake ubavuni."

Akanivutia kiti, akanifundisha. Sikiliza na wewe, maana haya hukuyajua. Kila picha ina mwenyewe, hata kama humwoni. Lakini wapo wanaoandika wenyewe chini yake: tumieni, ila mtaje jina langu. Wengine hata jina hawataki. Wengine wanasema tumia, ila usifanyie biashara, na bango ni biashara, usijifanye kipofu. Ndiyo maana unasoma chini kwanza, halafu ndiyo unachukua. Na zipo za zamani, ambazo mwenyewe alishakufa mpaka wajukuu wake wamezeeka. Hizo ni za watu wote.

"Kwa hiyo na za Fundi wangu sasa ni za watu wote?" nikauliza.

"Fundi wako bado mgeni huko. Akae kwanza miaka hamsini, ndivyo sheria inavyotaka."

Samahani, ni maneno yake. Mimi nilicheka tu.

Tukaingia kwenye za zamani. Modemu ilikuwa inasuasua, picha inashuka mstari kwa mstari. Likatokea tawi la kahawa lenye maua na matunda, mchoro wa kitabu cha mimea, wa Mzungu aliyekufa kabla babu yako hajazaliwa. Chini pameandikwa ni ruhusa kwa yeyote. Jani la pili kushoto limekunja ncha, na mdudu amelitoboa matundu mawili.

Fundi, nililijua lile jani.

Ni la kwenye mlango wetu! Tawi lako maarufu, ulilosema limetoka kichwani mwako! Mimi nikinakili chupa ya soda gazetini unanipiga rula vidoleni: "Chora ulichokiona wewe, acha macho ya watu." Kumbe na wewe! Nikakimbia na karatasi mpaka kibandani, nikalinganisha. Jani kwa jani. Matundu mawili. Nimekukamata, mzee. Sijui ulilitoa wapi, labda kwenye kalenda ya zamani ya ghala la kahawa. Nilicheka peke yangu pale mlangoni mpaka dereva mmoja akauliza kama nimelewa.

Halafu nikaacha kucheka. Kwenye karatasi tawi linaelea peke yake. Kwenye mlango limeshikwa. Miaka mitatu nafungua kufuli pale, sikuwahi kuuangalia ule mkono sawasawa. Kucha fupi. Weusi wa utomvu vidoleni. Kidole gumba kimepinda kwa nje, kama cha Mama Neema, kile kilichoumia kwenye mashine ya kumenyea ya mkono. Huo hukuunakili popote. Huo uliuona.

Hapo nikakwama. Tawi ni la watu wote. Mkono ni wako, na wewe bado una miaka yako hamsini. Zamani ningepiga picha mlango, nikatuma Mbeya, basi. Safari hii nilikwenda Hasamba.

Mama Neema alikuwa anageuza kahawa kwenye vichanja. Nilimwamkia, nikamweleza yote, hata zile kucha, hata kwamba jina lako limechafuka na aliyelichafua ni mimi. Nilijua neno moja tu likitoka, kibanda kimekwenda. Alijifuta mikono, akakitazama kile kidole.

"Nilimkataza," akasema. "Nikamwambia, utanichoraje na kidole kibovu? Akanijibu, hicho ndicho watu wa hapa wanakijua."

Akageuza kahawa kidogo.

"Chukua. Ila uandike jina lake chini. Na la huyo Mzungu."

Nikamwambia la Mzungu si lazima, alishakufa zamani sana.

"Na mume wangu je, hajafa? Andika."

Basi nikaupiga picha mlango, ukachapwa Mbeya, na majina yote mawili nimeyaandika chini kwa mkono wangu, herufi zimekaa sawa, nimepima kwa rula yako. Siku ya mkutano Mama Atupele alivaa miwani. Alisoma majina mpaka mwisho, kisha akaweka mkono wake kwenye bango, kando ya ule mkono. Akasema, "Huyu anachuma." Wakaja na wengine, mmoja mmoja, wanapima vidole, wanacheka, lakini si kicheko cha siku ile. Nilijifanya nakaza kamba.

Wiki iliyopita Mama Neema ametuma mtu na kufuli jipya. Hakutaja tena msimu wala mtu wa kwacha. Kufuli tu, na ufunguo mmoja. Wa pili amebaki nao.

Nimeanza kuchora mikono, Fundi. Wa kwanza umetoka kiazi. Wa pili umetoka kiazi chenye kucha. Usicheke, nakusikia. Nakuahidi hivi: nitachukua palipo na ruhusa, na kila nikichukua nitaongeza kitu nilichokiona mwenyewe. Mlango siupaki rangi. Na hiyo miaka hamsini ikiisha, nitakuwa mzee mbaya kuliko wewe, nitakuja na brashi niandike pale chini ya tawi: chukueni, ni yenu. Ila mtajeni.

Pumzika, mwizi wangu wa majani.

Jofu