Neno Moja Katika Maelezo ya Mdogo Wangu

Chumba Namba 6, Ghorofa ya Tatu,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkazamjomba na wanao, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Huku tunapumua. Mama presha yake inapanda na kushuka, lakini anakula, anasali, na anagombana na majirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ujue bado yupo imara.

Barua yako ya mwezi wa kwanza ilifika. Mama aliniambia niisome kwa sauti, nami nikaisoma mpaka pale ulipoandika kwamba Chiriku ni mzembe, kwamba mtu anayetia mkono kwenye mashine inayozunguka hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani akichambua maharage kwa mkono wa kushoto. Hakuinua kichwa. Nilimaliza ukurasa, nikaukunja, nikaurudisha kwenye bahasha.

Mjomba, ulimwita mzembe kwa sababu mimi ndiye niliyekuandikia hivyo. Nilikudanganya. Leo nakuandikia yaliyotokea, na nakuomba uyasome ukiwa umeketi.

Unajua tulikuwa wote kwenye kile kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Mimi karani ofisini, yeye chini kwenye mashine za kukamulia. Ndivyo ulivyoamua baba alipofariki: mmoja asome, mwingine amsaidie mama. Mimi nikapata Kiingereza, yeye akapata sabuni. Sikulaumu, nakukumbusha tu.

Siku ile mashine ya tatu ilikuwa imegoma kusimama, pipa bado linazunguka. Msimamizi akampigia kelele, "Fungua wewe! Gari la hoteli liko mlangoni, unangoja kadi ya mwaliko?" Akafungua. Shuka lililolowa likauvuta mkono. Vidole vitatu vya kulia vilibaki humo ndani. Yale mashuka yalifuliwa upya mchana uleule, yakapelekwa hotelini.

Siku ya nne meneja alinituma hospitali nikaandike maelezo ya mdogo wangu, kwa kuwa pale kazini maelezo yote huandikwa kwa Kiingereza. Chiriku alifurahi kuona nimekuja mimi na si mtu mwingine. Akasema, "Andika, dada. Nilifungua kwa sababu msimamizi aliniambia nifungue." Nikaandika hivyohivyo. Nikatumia "because".

Meneja aliisoma karatasi ofisini, akaligonga lile neno kwa kalamu. "Hili litatuletea serikali hapa. Weka 'although'. Alifungua ingawa msimamizi alimkataza. Wewe si ndiye msomi wa kwenu?"

Nikasema, "Bosi, huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja."

"Ndiyo maana atatia sahihi bila kuuliza."

Nikachapa upya. Ukitanguliza "because", kinachofuata ni sababu iliyomsukuma mtu. Ukitanguliza "although", kinachofuata ni zuio ambalo mtu ameliruka kwa kiburi chake. Nilibadilisha neno hilo, nikaongeza kikanushi kidogo mwishoni, na msimamizi aliyeamuru akawa msimamizi aliyekataza. Kazi ya dakika mbili. Chiriku akatia dole gumba la kushoto, maana mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, akaniambia, "Ahsante dada, Mungu akuweke." Wiki ileile akaachishwa kazi kwa kukaidi amri. Mwezi uliofuata mimi nikawa katibu wa meneja.

Nilidhani yamekwisha. Lakini yeye, kwa kuwa alikuwa anashinda nyumbani bure, akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Akawa anajifunza mambo mawili kwa mpigo: Kiingereza, na kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zilikuwa zimelala kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Na kila jioni alikuwa analeta daftari kwangu nimsaidie. Zoezi lilikuwa kuunga sentensi mbili ziwe moja. Walipewa "because", "if", "unless", "until", na lile jingine.

Jioni moja akaniuliza, "Dada, kwetu nikisema 'nikipona nitarudi kazini', kila mtu ananielewa. Hawa wenzetu kwa nini wananilazimisha nichague kati ya 'if' na 'when'?"

Nikamwambia "when" ni ya jambo ambalo una hakika litakuja, "if" ni ya jambo ambalo huenda lisije.

Akautazama mkono wake, akacheka. "Basi mimi niwekee 'if'." Nami nikacheka. Mungu anisamehe, Mjomba, nilicheka kwa moyo mweupe kabisa.

Kama wiki mbili baadaye nilikuwa napiga pasi, akaja akakaa mezani. Akaniambia mwalimu amewafundisha kwamba kuna kishazi ambacho hakiwezi kusimama peke yake, lazima kiegemee kingine, na kwamba ukitaka kujua kinaegemea vipi uliangalie neno la mbele yake. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya maelezo yake. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno mojamoja. Alipofika katikati kidole kikasimama. Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Dada, hapa mwalimu angeniwekea kosa?"

"Hapana," nikasema. "Sarufi ni sahihi."

Hilo ndilo jibu nililompa. Niliendelea kupiga pasi kola ileile mpaka ikaungua.

Hakupiga kelele. Kesho yake alikwenda kwa afisa wa kazi, na baada ya mwezi tukaitwa: meneja, msimamizi, mimi na yeye. Meneja alinipa lifti ndani ya gari lake. Chiriku alikuja kwa miguu. Afisa aliniuliza mbele ya wote, kwa Kiingereza, "Wewe ndiye uliyemwandikia. Alisema 'because' au alisema 'although'?"

Nilikuwa na nafasi, Mjomba. Nilifikiria jela, nikafikiria dawa za mama. Ila nisikufiche, kabla ya dawa za mama nilifikiria kiti changu kipya chenye magurudumu na wale wenzangu wanaosimama nikiingia. Nikasema, "Although." Nikairudia sentensi nzima kwa Kiingereza safi, bila kugugumia. Msimamizi akashusha pumzi. Shauri likafungwa palepale.

Nilimkimbilia kwenye korido. Sijui nilitaka kumwambia nini. Yeye ndiye aliyenitangulia kusema, bila hasira, kama anayemwelekeza mpita njia:

"Usijisumbue kunieleza, dada. Safari hii sikuhitaji mkalimani."

Alifunga nguo zake siku hiyohiyo. Anakaa kwa mwanamke mmoja mshona sare waliyesoma naye darasa la jioni, mtaa wa pili kutoka hapa. Mama anadhani tuligombana kwa sababu ya zamu ya bafu. Kila siku ananiambia niende nikamwombe radhi mdogo wangu, kwani maji hayana mwenyewe. Namwambia nitakwenda.

Sasa sikia yaliyopo. Wafanyakazi wa kiwanda, wafagizi, madereva, hata yule mama wa mapokezi, hawatii sahihi karatasi ya Kiingereza mpaka ipite kwanza kwenye kibaraza cha mshona sare. Chiriku huwasomea neno kwa neno, na kwenye kila kiunganishi husimama, awaulize, "Hivi ndivyo ulivyosema?" Meneja ametangaza kuwa ni marufuku. Hakuna anayemsikiliza.

Juzi mfagizi mmoja alianguka ngazini. Nikaambiwa nimwandikie maelezo, nikaandika, na safari hii hakuna aliyeniamuru niandike vipi. Niliandika mwenyewe nikijua meneja atapenda nini, mkono umeshazoea. Mfagizi akaikunja karatasi, akaaga, akaenda nayo. Ilirudi asubuhi juu ya meza yangu. Neno moja lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni, kwa zile herufi zilizolala, yapo maneno mawili: "Andika upya."

Nimeandika upya. Meneja bado hajaiona. Ataiona kesho saa mbili.

Chiriku ameiomba anwani yako kwa kupitia mama, nami nimempa. Akikuandikia, mjibu yeye mwenyewe, usipitishe kwangu. Na lile neno la uzembe, tafadhali lifute kwa mkono wako.

Nisalimie mkazamjomba, mapacha, na yule fundi saa mnayepakana naye ukuta. Mama hajui kama nimekaa kuandika, ila salamu zake zipo siku zote. Mwenyezi Mungu akutunze, akupe afya, na akupe subira ya kuimaliza barua hii.

Ni mimi mpwa wako mkubwa, nikupendaye.