Tundu la Mwanzo

Ndosho, 1988

Mama Eugénie wangu,

Salimia wazee wako huko Masisi. Hapa kazini, mashini ya kukata etiketi, zile karatasi za kubandika kwa sabuni, ilinichokesha: inahesabu vizuri, lakini inakata ovyo. Nilibadilisha nyuzi za umeme, bure. Ndani kuna kisahani chenye matundu mengi ya kupitisha mwanga, na tundu moja tu la kuonyesha mwanzo wa kila muzunguko. Tulikipakaa graisi, mafuta mazito ya mashini, ili kukikinga na vumbi ya volkano, kumbe tuliziba lile la mwanzo. Nikalipangusa na kipande cha kitenge chako, mashini ikakata sawa.

Tangu tulipozika Eugénie wetu, majirani wanakuita Léonie, jina lako la usichana, kama vile haukuzaa. Miye siwezi kukuita vile. Hesabu yetu inaanzia kwa huyo mutoto. Rudi nyumbani, hata kama hauna maneno.

Papa Eugénie